Kushuka kwa Namba Mbili

Mtu anayeshuka mlima gari likiwa nyutro simpendi. Nalisema mapema ili anayejijua aishie hapa hapa, asije akalalamika kwamba nimemvizia. Simpendi hata akiwa mcha Mungu, hata akiwa jirani anayenichotea maji. Nikipanda basi la kwenda Lindi na dereva akaanza ule mchezo wake mteremkoni, anatoa gia, gari linanyamaza na kuanza kuserereka lenyewe, mimi huinuka kwenye kiti nikamwambia mbele ya abiria wote airudishe. Wananicheka. Konda mmoja aliniuliza kama nimewahi kuendesha hata baiskeli. Nilimjibu kwamba nilikuwa nashusha machungwa kutoka milimani yeye bado anabebwa mgongoni, na kama ana swali jingine aulize.

Asiyejua gari nimweleze kidogo, maana bila hivyo hataelewa hasira zangu zinatoka wapi. Gari la gia lina njia mbili za kushuka mlima. Ya kwanza, unaingiza gia ndogo ukiwa bado juu, kwa mlima wetu ni namba mbili, unaondoa mguu kwenye mafuta, na injini yenyewe inayashika magurudumu. Gari linashuka polepole, linaunguruma, linalalamika njia nzima, na breki unaigusa tu kwenye kona. Ya pili, unatoa gia kabisa, injini inabaki inapumua tu, gari linakimbia kwa uzito wake, na kila unapotaka kulipunguza unakanyaga breki. Wanasema inaokoa mafuta. Inaokoa kidogo, sikatai. Lakini mzigo wote umeuning'iniza kwenye breki, breki inapata moto, na breki iliyopata moto haishiki. Hayo ndiyo yote. Shemeji yangu aliyasikia kwangu mara nyingi kuliko alivyosikia adhana, na hayakumwingia.

Sisi ni watu wa milima ya Umatumbi, upande wa Kipatimu. Ukifika Kilwa Masoko ukasema unatoka huko, neno la kwanza watu wanakuuliza bei ya machungwa. Nyumba yetu iko juu, barabara kuu ya lami iko chini, na katikati kuna barabara ya udongo mwekundu ambayo kiangazi ni vumbi na masika ni sabuni. Mimi na mume wangu tulikuwa na pikapu. Nasema tulikuwa nayo sote wawili, kwa sababu mashamba ya michungwa yaliyoileta ni nusu yangu na nusu yake, na mgongo uliobeba viroba ulikuwa zaidi wangu. Kwa wakwe hawapendi nilitaje hilo.

Kuendesha nilifundishwa na baba yangu, dereva wa lori la mbao. Hakuwa mwalimu mzuri. Alikuwa na mdomo mchafu na mkono mwepesi, na nikikosea gia alinigonga vifundo vya vidole kwa mpini wa bisibisi. Alinilazimisha nifumbe macho yeye akishuka mlima, nimwambie kwa kusikiliza injini tu kwamba tuko namba ngapi. Nikikosa, bisibisi. Kila somo lilipokwisha nilimchukia upya. Lakini lori lile halikuwa na breki ya kuaminika tangu nilipolijua, na mtu aliyeliendesha mpaka akazeeka alikuwa anajua kushuka kwa gia. Leseni nilikwenda kuifanyia mtihani Lindi mjini, ambako ni bondeni kando ya bahari. Hakuna aliyeniuliza habari za mlima.

Mume wangu naye alishuka hivyo hivyo, kwa namba mbili. Hili naomba lishikwe. Alishuka kwa namba mbili kuanzia kwenye mkorosho wa juu mpaka darajani, huku akitafuna kipande cha muwa, na aliyemwuliza kwa nini gari linalia alimweleza bila kuchoka. Mdogo wake, huyo huyo shemeji, alipokuja kula Idd moja akakaa kwenye usukani na kutoa gia mteremkoni, mume wangu alimwambia asimamishe gari. Nilikuwepo. Alimwambia akirudia tena atashuka kwa miguu. Kwa hiyo alikuwa anajua, na alikuwa amekwisha kulisema kwa mdomo wake.

Kisha presha ikampiga. Ilimpiga asubuhi akiwa anafunga kamba za mzigo, akaanguka juu ya viroba. Mkono na mguu wa kulia vikalala, ulimi ukawa mzito. Alirudi kutoka hospitali na maneno ya kuhesabika: maji, choo, hapana, na jina langu nusu. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimnyoosha vidole kimoja kimoja kama nilivyoonyeshwa na mtu wa mazoezi kule Masoko. Na kwa kuwa machungwa hayangoji mtu apone, nikachukua ufunguo.

Niliendesha msimu mzima. Nilibeba machungwa, nikabeba ufuta wa watu, nikabeba wajawazito na wagonjwa na mara moja padri mmoja aliyekuwa amekwama na pikipiki yake. Sikupata ajali. Sikumwangusha mtu hata kuku. Lakini nilikuwa mwanamke, na gari langu lilikuwa linalia, na mambo hayo mawili wanaume wa kijiwe cha kahawa waliyaunganisha wakayafanya jambo moja. Gari likianza kuunguruma kule juu wanasema, haya, mashine ya kusaga inashuka. Nikipita nawapungia mkono. Moyoni nilikuwa nawatukana mpaka kizazi cha tatu.

Ndipo akaja shemeji, mdogo wa mume wangu, kutoka Dar es Salaam. Alikuwa anaendesha magari ya watu huko, na sasa alikuwa hana gari la mtu. Alisema amekuja kumsaidia kaka yake. Ni mtu wa kupendeza, nisimnyime haki yake. Ana maneno laini, ana meno mazuri, akiingia mahali hata mgonjwa anakaa kitako. Aliniita "shem" mbele za watu na "mke wangu mkubwa" akitaka chai. Kwetu shemeji ni mtani wako. Mdogo wa mume ni mume mdogo, anakuficha kandambili, anakusema unapika mchuzi wa maji, nawe unamwambia mume gani huyu hata kanga hajanunua. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Nami nilikuwa hodari wa utani, nilisifiwa kwa huo. Yaliyonipata baadaye yalianzia hapo.

Haukupita muda akaanza kusema kwamba naliua gari. Alilisema kijiweni, akalisema msikitini baada ya swala, mwishowe akalipeleka kwa mama mkwe. Mama mkwe ni mjane, mama wa watoto wengi, na neno lake ndilo linalofunga mjadala katika ukoo ule. Sina la kumsingizia: si mtu wa fitina. Alituita barazani kwake mchana wa Ijumaa, sote, pamoja na mume wangu aliyeletwa na kiti chake akawekwa kivulini.

Shemeji akaeleza. "Mama, breki ni vyuma vya kubadilisha tu," alisema. "Zikiisha, fundi anaweka nyingine, safari inaendelea. Injini ikifa, gari limekufa. Sasa shem kila siku anaikamua injini mlimani kana kwamba anaikomoa. Mimi nikishuka, mmesikia chochote?"

Hawakusikia, kweli. Hapo ndipo hoja yake ilipokuwa na utamu. Niliwaambia kwamba injini haifi kwa kulia, inakufa kwa kukosa oili, na oili nilikuwa naitazama kila asubuhi kabla ya chai. Niliwaambia kwamba breki haina sauti ya kulia, inakwisha kimya kimya na siku ya kukuambia ni siku hiyo hiyo moja. Nilisema vizuri. Hata sasa nikikumbuka najipa alama zote.

Mama mkwe akafikiri. "Mimi gari silijui," alisema. "Kusikia najua. Gari akilishusha mwanangu huyu linapita kama limelala. Ukilishusha wewe, mwanangu, linalia mpaka kuku wanakimbia. Kitu kinacholia kinaumwa." Kisha akamgeukia mume wangu, akamwuliza kwa upole kabisa. "Baba, gari hili wewe ndiye uliyelizoea. Nani kati ya hawa analishusha vibaya?"

Baraza zima likamgeukia. Mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilijua atatikisa kichwa upande wa mdogo wake, au atamnyooshea mkono mzima ule wa kushoto, au atasema tu mbili, neno moja lile, na ufunguo ungebaki kwangu. Alinitazama. Akamtazama mdogo wake. Kisha akainua mkono wa kushoto, akagusa midomo yake kwa vidole, akatikisa kichwa kwamba haiwezi.

Mama mkwe machozi yakamlenga. "Basi, msimsumbue mwanangu," alisema, akaninyooshea kiganja. Niliweka ufunguo mle.

Jioni nilipokuwa namwogesha nilimwuliza. Nilimwambia, hata kunyoosha kidole hukuweza? Maana hapana unaisema, choo unaisema. Akagusa midomo yake tena, na jicho likawa na maji. Nikajisikia mkosefu kumbana mgonjwa. Nilimfuta, nikamvisha, nikamwambia hakuna neno, Mungu yupo. Nilimwamini. Niliamini kwamba neno la kunitetea lilikuwa limo ndani yake na maradhi yamelifungia, na nikawa naomba dua lifunguliwe.

Kuanzia hapo nikawa abiria wa gari langu. Nakaa nyuma, juu ya viroba, na vumbi lote langu. Mbele wanakaa wanaume na wakubwa. Mwanamke aliyezoea kushika usukani ukimweka juu ya viroba anakuwa mtu mbaya, na mimi nikawa mbaya. Nilimpikia shemeji ubwabwa wa chini, ule ulioungua. Alikula akasifu.

Halafu harufu ikaanza. Anayeijua harufu ya breki iliyoungua haisahau: ni kali, inakaa kooni, kama mtu amechoma kucha na mpira pamoja. Gari lilikuwa likirudi jioni na harufu ile kwenye magurudumu ya mbele. Nilisogea siku moja nikatemea mate rimu, yakachemka yakapotea. Nilimwambia shemeji. Akacheka. Nilimwambia mume wangu, akafumba macho. Basi nikaamua nitasema mbele za watu.

Ilikuwa kwenye shughuli ya ndoa ya jirani, watu wamekaa wameshiba, mama mkwe yupo katikati ya wanawake wenzake, shemeji anapita na birika la maji ya kunawa.

"Mume wangu mdogo," nilisema kwa sauti ya kusikika. "Breki zako zinanuka kijiji kizima. Ukiendelea na nyutro yako utatuua."

"Nikikuua wewe nitamwoa nani tena?" akasema. "Wewe umezeeka, lakini unajua kukaanga samaki."

Watu wakaangua kicheko. Nilisema, "Sitanii."

Wakacheka zaidi. Mama mkwe akajipiga paja, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye ninayewaambia. Anatania uso ameukunja hivyo hivyo." Nikanyanyuka nikasema Wallahi sitanii, huyu mtu anashusha watu na gari lisilo na kitu cha kulishika. Mwanamke mmoja akapaliwa kwa kicheko, ikabidi apigwe mgongoni. Kadiri nilivyozidi kukasirika ndivyo nilivyozidi kuwa hodari machoni pao. Nilikwenda uani nikachukua sufuria lililokuwa safi nikalisugua.

Asubuhi ya safari yenyewe, mume wangu alikuwa na siku yake ya mazoezi hospitali ya Masoko. Shemeji alikuwa amepakia viroba vya machungwa mpaka juu ya kingo za bodi, kupita nilivyowahi kupakia mimi, na juu ya viroba abiria watano au sita. Mbele walikaa yeye, mama mkwe katikati, na mume wangu mlangoni, nimemfunga kitambaa kifuani asilale upande. Kabla mama mkwe hajapanda nilimwendea kando. Nilimwamkia shikamoo kwa mara ya pili asubuhi ile, ili ajue nimekuja bila utani.

"Marahaba," akasema. "Una nini?"

"Mama, mwambie ashuke kwa namba mbili. Leo tu. Mgonjwa wangu yumo."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi. "Mwanangu," alisema, "wivu wa ule ufunguo utakumaliza."

Nikapanda nyuma. Nilikaa nikiegemea kichwa cha gari, penye kile kidirisha cha nyuma kilichovunjika zamani tukaziba na nailoni. Nailoni yenyewe ilikwisha kuchanika, kwa hiyo waliyokuwa wakisema mbele nilikuwa nayasikia. Tukafika kwenye mkorosho wa juu. Nikasikia gia ikitoka. Injini ikashusha pumzi, na gari likaanza kuteremka kimya, kama mama mkwe alivyopenda.

Kona ya kwanza alikanyaga breki, ikashika. Ya pili ikashika. Harufu ikaanza kupanda kabla ya ya tatu, na mwanamke aliyekaa karibu nami akafunika pua akauliza nani anachoma nini. Nilipiga bodi. Kwetu abiria wa nyuma akitaka kushuka anapiga bati la juu kwa kiganja, dereva anasimama. Nilipiga kwa viganja viwili. Nikamsikia shemeji akicheka mle ndani. "Shem huyo," alimwambia mama yake. "Hajachoka." Akatoa mkono dirishani akanipungia.

Kisha nikamsikia anakanyaga. Mguu ulishuka mpaka chini na gari halikusikia. Akakanyaga tena, tena. Upepo ukaanza kuvuta kanga yangu kichwani. Mwanamke wa pembeni yangu akaanza kusoma shahada. Niliingiza uso kwenye kidirisha nikapiga kelele atie gia, na najua nilisema, lakini sauti yangu ilikuwa imekwisha kutumika. Alikuwa amekamata usukani kwa mikono miwili, anaangalia mbele, na mkono wa gia hakuugusa. Mama mkwe alikuwa anaita tu jina la Mungu.

Ndipo nikasikia mtu anasema. "Kanyaga klachi."

Sikuijua sauti. Nilidhani ni ya abiria. Ilikuwa nzito kidogo, lakini safi, na haikuwa na haraka.

"Klachi, nimesema. Piga resi. Haya, tia tatu. Usiitazame, itie."

Gia ikasaga, meno ya vyuma yakapiga kelele, ikakataa, ikaingia. Injini ikanguruma vile ninavyoijua. Sote juu tulisukumwa mbele. "Sasa handbreki, kidogo kidogo. Klachi tena. Resi. Tia mbili. Achia mguu. Sogea kushoto, libane kwenye ukingo, libane, usiogope kulikwaruza." Gari likalia mlima mzima, likasuguana na ukingo wa udongo, kioo cha kushoto kikaenda, viroba viwili vikaruka, na tukasimama tumeinama upande. Machungwa yalikuwa yanabiringika barabarani yakituacha.

Hakufa mtu. Mwanamke wa pembeni yangu alivunjika kifundo cha mkono. Mama mkwe alipiga goti kwenye dashibodi, mpaka leo analikanda. Mimi nilichunika mkono tangu kiwiko. Shemeji aliteremka akakimbilia dumu la maji ayamwagie magurudumu yanayofuka moshi. Nilimnyang'anya. Chuma chenye moto ule ukikimwagia maji baridi kinapasuka, na hata hilo hakulijua. Alianza kusema habari za fundi, kwamba zile breki fundi aliziweka vibaya. Mama mkwe alichomoa ufunguo mwenyewe, akazunguka gari akichechemea, akaniwekea kiganjani. Hakusema samahani na mimi sikuingoja. Ufunguo nilioutaka miezi yote ile ulikuwa mkononi na sikujisikia kitu.

Maana nilikuwa nasikia ile sauti, sauti ya mume wangu. Klachi, resi, tatu, mbili. Nilikuwa nahesabu maneno. Kumwambia mama yake kwamba mdogo wake anashusha vibaya kungechukua maneno machache kuliko hayo, na kumnyooshea kidole kusingechukua hata moja.

Tulingoja vyuma vipoe. Nikapanga upya mzigo, nusu nikaushusha ukingoni. Mama mkwe na abiria hawakutaka kupanda tena, wakateremka taratibu kwa miguu, na shemeji pamoja nao, kichwa chini. Hivyo ndivyo alivyoshuka kwa miguu, kama kaka yake alivyomwahidi Idd ile. Mbele tukabaki wawili, mimi na mume wangu, kile kitambaa bado kimemfunga kifuani. Niliingiza namba moja, maana breki hakuna, nikaachia taratibu.

Tulikwenda kidogo. Nikamwuliza, "Siku ile barazani, uliweza kusema?"

Alishika mlango mpaka kona ikapita. "Yule mdogo wangu," akasema. Aliyasema maneno yote matatu, hakukwama popote.

"Na mimi?"

Akainua mkono wa kushoto, akagusa midomo yake kwa vidole.

Watu wameniambia mengi tangu siku hiyo. Yule mtu wa mazoezi aliniambia kwamba hofu humfungua mtu ulimi, amewaona wengi, nisimhukumu mgonjwa. Ningelipokea hilo kwa mikono miwili. Nilikuwa tayari kulipokea pale pale mlimani, ndiyo maana nilimwuliza. Lakini alinijibu.

Siku hizi anaongea vizuri, karibu kama zamani. Kijiweni wanamwandalia kiti, anawasimulia alivyoiokoa pikapu kwa mdomo tu, na wanaume wale wale wa mashine ya kusaga wanamwambia kweli wewe dereva. Shemeji alirudi Dar es Salaam, akipiga simu anauliza kama mke wake mkubwa bado ananuna. Gari naendesha mimi. Fundi wa Nangurukuru aliweka breki mpya, naye kila akizitazama anashangaa haziishi.

Siku ya mazoezi tunashuka sote wawili. Kila mara ni hivyo hivyo: tukikaribia mkorosho wa juu mume wangu hunigeukia, anakohoa kidogo, anaanza, "Mke wangu, siku ile..." Mimi naingiza namba mbili na kuondoa mguu kwenye mafuta, na injini inaanza kulia. Namwambia angoje tufike chini, sisikii. Tukifika chini simuulizi.